Mtoto Akoromaye: Tusimpuuze, Wala Tusikimbilie Kisu

Yapo maradhi yapigayo hodi kwa kishindo, nayo hayahitaji mtu wa kuyatangaza. Homa ikipanda, mama huamka. Mtoto akiharisha, nyumba nzima hutaharuki. Lakini yapo na mengine yaingiayo kimya kimya, yakakaa nyumbani miaka mingi kama mpangaji asiyelipa kodi, na watu wakayazoea hata wakayaita tabia. Mojawapo ni kukua kupita kiasi kwa nyama za pua kwa watoto. Mtoto hukoroma usiku kama mzee, hulala kinywa wazi, mchana husema kama mtu aliyebanwa pua, kamasi hazimwishi, na akiitwa mara ya kwanza haitiki. Wakubwa humcheka, mwalimu humwadhibu, na wenzake humpa jina la utani.

Leo twataka kusema juu ya mtoto huyo, na juu ya dawa ya steroidi ya kupuliza puani, ambayo madaktari wengi siku hizi huiandika kwa ajili yake. Wako waisifuo dawa hiyo kana kwamba imekwisha kukiondoa kisu duniani, na wako waiogopao kana kwamba ni sumu. Rai yetu twaitoa mapema, ili msomaji asipate taabu ya kuitafuta: dawa hiyo ni hatua moja ya safari, nayo ina mahali pake na muda wake. Kwa mtoto ambaye hali yake si ya hatari, ni haki ajaribiwe kwa njia nyepesi kabla ya kupasuliwa. Kwa mtoto ambaye pumzi yake hukatika usiku, ni dhuluma kumwekea chupa ya dawa mkononi na kumwambia angoje.

Kwanza yafaa tuelewane juu ya nyama zenyewe. Nyuma kabisa ya pua, juu ya kimeo, mahali ambapo njia ya pua hukutana na koo, kipo kifungu cha nyama laini ambacho mtu hawezi kukiona hata akifungua kinywa mbele ya kioo. Madaktari hukiita adenoidi. Ni ndugu wa zile tezi mbili za kooni ambazo zikivimba twasema mtoto ana mafindofindo. Kazi yake ni ulinzi, kwani hewa yote aivutayo mtoto kwa pua hupita hapo, na vijidudu vya maradhi hukutana hapo na askari wa mwili. Kifungu hicho hukua tangu uchanga, huwa kikubwa zaidi katika miaka ya kwanza ya utoto hata kufikia miaka 7 hivi, kisha huanza kupungua chenyewe, na mtoto anapokuwa kijana huwa kimesinyaa karibu kuisha. Kwa hiyo kuwa na nyama hizo si ugonjwa. Ugonjwa ni pale zinapokuwa kubwa kuliko nafasi iliyopo, zikaziba njia.

Zikiziba njia, madhara yake hayaishii puani. Mtoto asiyeweza kuvuta hewa kwa pua huivuta kwa kinywa, mchana na usiku. Hali hiyo ikidumu miaka, uso huelekea kurefuka, kaakaa hupanda juu kama kuba, na meno husongamana kwa kukosa nafasi. Usingizini njia ya hewa hulegea na kujifunga. Pumzi husimama kwa sekunde kadhaa, kisha mtoto hugutuka, hugeuka, akaendelea kukoroma. Hayo yakitokea mara nyingi kila usiku, mtoto hulala saa 10 na kuamka amechoka kama aliyekesha ngomani. Wengine hukojoa kitandani wakati ambapo wenzao wameacha. Na kwa wachache ambao hali yao ni kali na imeachwa kwa muda mrefu, mishipa ya mapafu na upande wa kulia wa moyo hulemewa kwa sababu ya upungufu wa hewa.

Tena jirani kabisa na nyama hizo ndipo ulipo mlango wa mrija mwembamba unaopeleka hewa katika sikio la kati. Mlango huo ukibanwa, maji mazito hukusanyika nyuma ya ngoma ya sikio, na mtoto husikia kama mtu aliyezamisha kichwa majini. Hana maumivu, halii, wala hajui kumwambia mtu kwamba hasikii, maana hajui wenzake wanasikia namna gani. Huyu ndiye yule aketiye nyuma ya darasa, akitazama dirishani, ambaye ripoti yake ya mwisho wa muhula yaandikwa kwamba ni mvivu na hazingatii masomo. Twauliza: ni watoto wangapi katika shule zetu waliochapwa kwa uvivu, na kumbe kosa lao lilikuwa nyama nyuma ya pua? Hatuwezi kuwahesabu, lakini kila mwalimu wa zamani akikumbuka vizuri atamwona mmoja au wawili.

Sasa, ili tuelewe kwa nini suala la dawa na kisu lina mabishano, yatupasa kurudi nyuma na kwenda mbali kidogo. Mwaka 1868 daktari mmoja wa Denmark, Wilhelm Meyer wa mji wa Copenhagen, alizieleza nyama hizi kwa ukamilifu, akaonyesha jinsi zinavyoharibu masikio na usemi wa watoto, na jinsi zinavyoweza kuondolewa. Lilikuwa jambo kubwa, na baada ya kufa kwake mwaka 1895 alijengewa sanamu katika mji huo. Tangu hapo kisu kikatawala. Katika nchi za Ulaya na Marekani kupasua nyama za pua na mafindofindo kukawa kama desturi ya kupita utotoni, na mtoto aliyekuwa na mafua ya mara kwa mara hakuulizwa sana kama anahitaji au hahitaji.

Desturi isiyoelezwa huzaa uvumi. Mwezi wa Juni mwaka 1906, katika mitaa ya Lower East Side mjini New York, walikokaa wahamiaji maskini, wengi wao Wayahudi waliotoka Ulaya ya Mashariki, watoto kadhaa walipasuliwa nyama za pua humo humo shuleni. Uvumi ukaenea mitaani kwamba madaktari wanawakata watoto koo. Akina mama kwa maelfu wakazizingira shule, wengine wakirusha mawe, wakidai warudishiwe watoto wao. Ni rahisi kuwacheka akina mama wale. Sisi hatuwacheki. Mzazi ambaye hajaelezwa mambo akayaelewa, ana haki ya kuogopa. Na daktari aliye na elimu kubwa lakini hana subira ya kueleza, elimu yake ni taa iliyofunikwa na chungu.

Wala si wazazi peke yao waliokuwa gizani. Mwaka 1938, katika Uingereza, Daktari J. Alison Glover alichapisha hesabu za watoto wa shule waliokatwa mafindofindo, kazi ambayo mara nyingi ilikwenda pamoja na kukata nyama za pua. Hesabu hizo zilionyesha kwamba katika mji wa Hornsey, mwaka 1928, walipasuliwa watoto 186. Mwaka uliofuata, baada ya kubadilishwa daktari wa shule, walipasuliwa 12 tu. Mji ulikuwa ule ule na makoo yalikuwa yale yale. Kilichobadilika kilikuwa rai ya mtu mmoja. Hapo ndipo watu wenye busara walipoanza kuuliza kama kisu kilikuwa kinafuata maradhi au kinafuata mazoea.

Katika hali hiyo ndipo dawa za kupuliza zilipopata nafasi. Nyama zilizokua kupita kiasi mara nyingi huwa pia zimevimba kwa sababu ya mafua yasiyokwisha au mzio wa vumbi na moshi, na steroidi ni dawa ya kutuliza uvimbe. Ikipulizwa puani kwa kiasi kidogo, hufanya kazi pale pale inapotakiwa, bila kupita kwanza tumboni na kuenea mwilini kama vidonge. Majina yake ni mengi: beklometasoni, budesonidi, flutikasoni, mometasoni. Mwaka 1995 madaktari wawili wa Marekani, Demain na Goetz, walichapisha habari za watoto 17 waliozibwa na nyama za pua. Katika majuma 24 ya kutumia beklometasoni nyama zilipungua ukubwa, na taabu ya kupumua ikapungua zaidi ya hapo. Mwaka 2001, huko Kanada, Daktari Brouillette na wenzake waliwachukua watoto 25 ambao pumzi zao zilikuwa zikizuiliwa usingizini, wengine wakapewa flutikasoni na wengine dawa ya bandia, kwa majuma 6. Kwa waliopata dawa, vizuizi vya pumzi vilishuka kutoka 10.7 kwa saa hadi 5.8, kwa wenzao vilipanda kutoka 10.9 hadi 13.1. Na mwaka 2008 wachunguzi wa Cochrane walipoyakusanya majaribio 5 yaliyokuwa na watoto 349, waliona kwamba dawa yaweza kupunguza nyama na kuifungua pua, ingawa majaribio yenyewe yalikuwa madogo na ya muda mfupi.

Kama tungeishia hapo, tungekuwa tumefanya kazi ya mchuuzi, ambaye husifu bidhaa na kunyamazia kasoro zake. Gazeti halina haki hiyo. Kwa hiyo na tuutazame upande wa pili.

Habari ya kwanza ni ya masikio. Mwaka 2009 yalichapishwa huko Uingereza matokeo ya jaribio la watoto 217, wa miaka 4 hadi 11, waliokuwa na maji nyuma ya ngoma ya sikio. Nusu walipulizwa mometasoni na nusu dawa ya bandia. Baada ya mwezi mmoja, waliopona kati ya waliopata dawa walikuwa 41 kwa kila 100, na kati ya wale wa dawa ya bandia walikuwa 45. Yaani dawa haikusaidia kitu. Basi mtoto ambaye taabu yake kubwa ni kutosikia, asipewe chupa ya pua na kuambiwa ndiyo tiba ya sikio.

Habari ya pili ni ya kisu chenyewe. Mwaka 2013, katika Marekani, yalitolewa matokeo ya watoto 464 wa miaka 5 hadi 9 wenye matatizo ya pumzi usingizini. Baadhi walipasuliwa mapema mafindofindo na nyama za pua, na baadhi walingojewa chini ya uangalizi. Miezi 7 ilipopita, waliopasuliwa na vipimo vyao vya usingizi vikawa sawa walikuwa 79 kwa kila 100. Waliongojewa na vipimo vyao vikawa sawa walikuwa 46. Hesabu hii yafundisha mambo mawili kwa pamoja, na asiyataje moja akaacha la pili. Kisu chafaa kweli, tena chafaa kuliko kungoja. Lakini pia karibu nusu ya watoto walipata nafuu bila kukatwa.

Habari ya tatu ndiyo inayopaswa kutunyenyekeza sote. Mwaka 2023 wachunguzi wa Melbourne, Australia, walitoa matokeo ya watoto 276 wa miaka 3 hadi 12 waliokuwa wakikoroma na kupumua kwa taabu usiku. Kwa majuma 6, wengine walipulizwa mometasoni na wengine maji ya chumvi matupu. Waliopata dawa, dalili ziliwaondokea 44 kwa kila 100. Waliopata maji ya chumvi, 41. Tofauti hiyo si ya kujivunia. Huenda kwa watoto wengi kilichosaidia ni kuoshwa pua na kupita kwa wakati, na steroidi ikapewa sifa isiyokuwa yake yote. Jaribio lile halikuchagua watoto wa nyama kubwa peke yao, kwa hiyo halifuti yale ya kwanza. Lakini latuambia tuanze na kilicho rahisi zaidi.

Tukiziweka habari hizi zote katika mizani moja, njia ya haki yaonekana. Mtoto akoromaye apelekwe kwanza akaonwe na mganga, ili ijulikane kama taabu ni nyama za pua, au mafindofindo, au mzio, au unene wa mwili, au hata punje ya harage iliyokwama katika tundu moja la pua. Kama hakuna dalili ya hatari, pua ioshwe kwa maji ya chumvi yaliyo safi kwa majuma kadhaa, na moshi wa sigara na wa jikoni uepushwe na mahali alalapo. Kama bado, apewe dawa ya kupuliza kila siku kwa majuma 6 hadi 12, na siku ya kurudi iandikwe kwenye kadi yake tangu siku ile ya kwanza. Siku hiyo ikifika aangaliwe upya. Akiwa na nafuu, ashukuriwe Mungu na aendelee kutazamwa. Asipokuwa nayo, apelekwe kwa daktari wa masikio, pua na koo bila kurudishwa tena mwanzo wa foleni. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na wahenga hao hao walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Methali hizo hazipingani. Kila moja ina siku yake, na kalenda ndiyo iamuayo ni siku ya ipi.

Bali wako watoto ambao kalenda hiyo haiwahusu. Mtoto ambaye pumzi yake husimama usiku mama akaona kifua chapanda na kushuka bila hewa kuingia. Ambaye ngozi kati ya mbavu hufyonzwa ndani kila avutapo pumzi. Ambaye midomo hubadilika rangi. Ambaye hakui wala haongezeki uzito. Mtoto huyo apelekwe hospitali mara moja. Kadhalika mtoto mwenye selimundu, ugonjwa ulio mwingi katika nchi yetu, asichezewe, kwa maana upungufu wa hewa usiku waweza kuyaamsha maumivu na hatari nyingine za ugonjwa wake. Kwa hawa, dawa ya kupuliza yaweza kutumika kama msaada wakati wa kungoja, lakini isiwe sababu ya kungoja.

Yapo pia maswali ya wazazi juu ya usalama, nayo ni ya haki. Neno steroidi huwatisha wengi. Ukweli ni kwamba kiasi kipulizwacho puani ni kidogo, na flutikasoni na mometasoni huingia katika damu kwa sehemu ndogo sana. Hata hivyo dawa zote si sawa. Mwaka 2000 yalichapishwa matokeo ya watoto waliotumia beklometasoni mara mbili kwa siku kwa mwaka mzima: waliongezeka kimo kwa sentimita 5.0, na wenzao wasioitumia sentimita 5.9. Jaribio jingine la mwaka huo huo, la mometasoni, halikuonyesha upungufu wa namna hiyo. Kwa hiyo dawa ichaguliwe kwa akili, itumiwe kwa kiasi kidogo kiwezacho kufaa, isiendelee miezi na miezi bila mtu kuuliza kwa nini, na kimo cha mtoto kipimwe.

Liko onyo jingine ambalo kwetu lapaswa kuandikwa kwa wino mzito. Mtoto atumiaye dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI zenye ritonaviri ndani yake, asipewe flutikasoni kabla daktari wake hajaambiwa. Ritonaviri huizuia ini kuivunja flutikasoni. Steroidi hujilimbikiza mwilini, uso ukavimba, na tezi zilizo juu ya figo zikaacha kazi yake. Budesonidi nayo ina hatari ya namna hiyo. Mzazi asione haya kuitaja kadi ya kliniki mbele ya mganga, na mganga asione uvivu kuuliza. Mficha maradhi kilio humfichua, lakini hapa anayelia ni mtoto asiyeficha kitu.

Tena dawa isiyotumiwa sawasawa ni fedha iliyomwagwa. Mtoto apenge kamasi kwanza. Chupa itikiswe. Kichwa kiinamishwe mbele kidogo, ncha ya chupa ielekezwe upande wa sikio, wala si kwenye ukuta wa katikati ya pua, maana huko ndiko kutokako damu. Mkono wa kulia upulize tundu la kushoto, na wa kushoto upulize la kulia. Asivute kwa nguvu, dawa ikapita yote kooni. Na mzazi ajue kwamba dawa hii haifungui pua papo hapo. Hufanya kazi polepole kwa siku na majuma, nayo yataka kupulizwa kila siku. Anayeiacha siku ya tatu kwa kuwa hajaona muujiza hajaijaribu bado.

Kutaka muujiza wa papo hapo ndiko kunakowapeleka wengi kwenye dawa nyingine za matone, za zailometazolini na oksimetazolini, ambazo huuzwa madukani na huifungua pua kwa dakika chache. Zikitumiwa zaidi ya siku chache, pua huziba tena kwa ukali kuliko mwanzo, na mtoto akawa mtumwa wa chupa. Hizi sizo steroidi, ingawa chupa zafanana. Muuza duka na mnunuzi wote wawili yawapasa kuzitofautisha. Na wengine, kwa kukata tamaa, humpeleka mtoto akakatwe kimeo kwa wembe mitaani. Twasema wazi kwamba kimeo hakihusiki na nyama hizi hata kidogo. Kumkata ni kumtia mtoto katika hatari ya kutoka damu nyingi, ya pepopunda na ya maambukizo mengine, na kumrudisha nyumbani akikoroma vile vile.

Kuna hoja moja ambayo twaiheshimu, maana hutolewa na madaktari wenye uzoefu. Wasema: huko mikoani mama atembea mwendo mrefu kufika hospitali, ukimpa dawa na kumwambia arudi baada ya majuma 6, harudi, na mtoto amepotea. Heri apasuliwe akiwa yupo. Hoja hii ina uzito. Lakini jibu lake limo ndani yake yenyewe. Mama yule anayeshindwa kurudi hospitali ya wilaya atafikaje mara nyingi Muhimbili, au KCMC huko Moshi, au Bugando huko Mwanza, waliko wapasuaji wa pua na koo? Wapasuaji ni wachache, na foleni zao ni ndefu. Kama watoto wenye hali nyepesi wangetibiwa karibu na kwao kwa maji ya chumvi na dawa, nafasi mezani kwa mpasuaji zingebaki kwa wale wasioweza kungoja. Jambo la kurekebisha basi ni umbali wa huduma. Mganga wa kituo cha afya akifundishwa kumtambua mtoto huyu, kumwandikia siku ya kurudi, na kumfuatilia asiporudi, mtoto hapotei.

Jambo hili laturudisha kwa wenye dhamana. Shirika la Afya Duniani limeiweka budesonidi ya kupuliza puani katika orodha yake ya dawa muhimu kwa watoto. Dawa iliyo katika orodha hiyo haipaswi kuwa kitu cha anasa kipatikanacho katika maduka makubwa ya mijini tu. Twaomba iwepo katika hospitali za wilaya kwa bei ambayo mkulima na mchuuzi wa sokoni waweza kuimudu, na iandamane na maelezo kwa Kiswahili yaliyo wazi, ili mama asirudi nyumbani na chupa asiyoijua. Twaomba pia kila mtoto anayeanza shule apimwe masikio. Kipimo hicho hakina gharama kubwa ukikilinganisha na miaka 7 ya mtoto kukaa darasani bila kusikia.

Na sisi wananchi tunayo sehemu yetu. Mzazi asikilize pumzi ya mtoto wake usiku, kwa kuwa daktari haji nyumbani saa nane. Mwalimu, kabla ya kuandika neno mvivu katika ripoti, amwite mtoto kwa sauti ya kawaida akiwa nyuma yake, aone kama atageuka. Babu na bibi waache kusema kwamba kukoroma ni dalili ya usingizi mzuri. Mtoto mwenye usingizi mzuri hulala kimya, kinywa kimefumbwa, na asubuhi huamka akidai chai. Asiyelala hivyo hajiletei mwenyewe taabu hiyo, wala hawezi kujiondolea. Anatungoja sisi.